Waliofika Jimu Kabla Yangu

Kama umemaliza matibabu na daktari amekuambia sasa ufanye mazoezi, huenda na wewe umewahi kusimama mbele ya lango fulani, ukasikia muziki ukipigwa ndani, ukageuka kurudi nyumbani. Mimi niligeuka mara nyingi. Lango langu liko Kimironko, kati ya duka la dawa na saluni, na mlinzi wake alinizoea hadi akaacha kuniuliza ninakwenda wapi. Naandika haya kwa ajili ya wanaogeuka. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Madaktari wapo, waulizeni wao, tena waulizeni mpaka wachoke. Mimi nitasema tu kwa nini lile lango lilikuwa gumu kuliko sindano, na nani alikuwa amepita pale kabla yangu.

Uvimbe ulitokea mwishoni mwa kiangazi, juu kidogo ya mtulinga, mgumu kama kokwa na hauumi. Nilikuwa natoa jasho usingizini mpaka Mama akawa anabadilisha shuka kila asubuhi bila kusema neno. Mwili ulikuwa unaniwasha mahali ambapo hapakuwa na kipele. Nikaenda hospitali, wakakata kipande cha ule uvimbe, wakasema majibu yatachukua muda.

Kazi yangu ni takwimu. Nilizisomea chuo kikuu, na sasa natunga maswali ambayo watu wengine wanazunguka nayo vijijini wakiyauliza. Lakini tabia ya kuhoji kila kitu sikuipata chuoni. Alinifundisha kaka yangu Deo tulipokuwa wadogo Mwanza, kabla familia haijarudi Rwanda. Mtu akikuambia jambo, alikuwa akisema, usimwambie anadanganya. Muulize tu amejuaje. Niliwauliza walimu, wachungaji na wachumba swali hilo, na Deo alikuwa anacheka kwa fahari.

Siku ya majibu nilikuwa na homa, kwa hiyo Deo akaenda kunichukulia. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Ni TB ya tezi," akasema. "Inatibika."

"Umejuaje?"

"Daktari ameniambia mwenyewe."

Alinijibu akinitazama machoni. Nilimwamini kwa sababu ni yeye.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilijaa watu. Shangazi zangu walitoka Ndera na mikungu ya ndizi. Kikundi cha maombi cha Mama kilihamia sebuleni. Kila aliyeingia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema "ihangane," neno ambalo Wanyarwanda humwambia mgonjwa, mfiwa na hata mtu aliyejikwaa, wakimtaka avumilie. Niliona ni maombi mengi mno kwa TB. Nilimwambia Deo hivyo. Akasema, "Unajua Mama alivyo."

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza tulipokwenda kuanza dawa. Deo alituacha mimi na Mama mlangoni mwa hospitali akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Ndani kulikuwa na mabenchi marefu na wanawake wamejifunga vitenge kichwani, wote wametulia kama watu waliofika mahali wanapopajua. Mmoja wao, mama mnene kutoka Gatsata aliyekuwa na chupa ya uji mapajani, alitusikia tukiongea Kiswahili mimi na Mama, akasogea. Alisema amekulia Goma na hapati mtu wa kuongea naye lugha yake.

"Hii ni ya kwanza?" akaniuliza.

"Ya kwanza nini?"

"Dripu."

"Mimi nimekuja kuanza dawa za TB."

Mkono wake uliokuwa unafungua chupa ukasimama. Hakunitazama mimi, alimtazama mama yangu. "Mama, huyu mtoto hajui?"

Mama akasema, "Aline, funga sweta, kuna baridi."

"Mwanangu," yule mama akasema polepole, "kwenye benchi hili sisi wote ni kansa."

Akanimiminia uji kwenye kifuniko cha chupa, akanipa. Niliushika bila kuunywa. Deo akaingia akiwa na maji ya chupa mikononi, akatuona tulivyokaa, akajua.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Si wengi."

"Nani, Deo?"

Walijua shangazi zangu. Kilijua kikundi kizima cha maombi. Alijua bosi wangu, ambaye ndiye aliyenipa ruhusa ndefu kwa ukarimu uliokuwa umenishangaza. Alijua hata binti anayetuletea maziwa. Katika nyumba nzima, mwenye huo mwili ndiye alikuwa mgeni.

Ukiwa umekulia huku utasema sasa nashangaa nini, ndivyo watu wanavyofanya. Kuna ibanga, yaani siri, na mtu anayejua kutunza ibanga ni mtu mwenye adabu. Majibu mabaya hupewa ndugu, ndugu huyabeba, na mgonjwa huachwa apumzike. Bibi yangu alipougua Karagwe walimwambia ni baridi yabisi. Alikuwa anaagiza mbegu za maharage za msimu ujao kutoka kitandani, na wanawe wote wanamjibu ndiyo, Mama, tutanunua. Nilikuwa mdogo, na nilisikia watu wakisifu jinsi alivyolindwa vizuri. Leo najiuliza angesema nini kama angejua hatazipanda. Labda kulikuwa na mtu aliyetaka kumuaga.

Dripu zilianza siku hiyohiyo. Nilitia sahihi mwenyewe, kwa hasira zaidi ya hofu.

Za vuli zilichukua nywele. Zilipoanza kubaki kwenye mto kwa mafungu, Deo alinikalisha uani juu ya kiti cha plastiki, akanipitishia mashine yake ya kunyolea. Alikuwa ananyoa taratibu, ananifuta shingo kwa kiganja. Hapo ndipo alipoapa. "Aline, sitakuficha kitu tena. Kitu chochote." Sikumjibu, lakini kichwa nilikiinamisha ili afike nyuma ya masikio, na nadhani alikichukua hicho kama jibu. Hata mimi nilikichukua hivyo.

Za Krismasi zilichukua ladha. Kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu, na harufu ya maharage yakichemka ilinifukuza nyumbani. Za Januari na Februari, jua lilipokuwa kali, zilifanya kucha zangu ziwe nyeusi na mishipa ya mkono wa kushoto ikawa migumu kama uzi uliopakwa nta. Za masika nazikumbuka kwa vidole vya miguu tu, maana nilikuwa navaa viatu bila kuvisikia, nikitazama chini kuhakikisha vimeingia.

Kulikuwa na wema mdogo mdogo, na sitaki kuupita. Yule mama wa Gatsata alinishikia nafasi kwenye benchi hata siku ambazo yeye mwenyewe hakuweza kukaa wima. Kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye kabla ya kuingiza sindano alikuwa anasema, "Hii itauma," na kweli ilikuwa inauma. Nilimpenda mno muuguzi huyo. Nilikuwa nikiomba anihudumie yeye, na wenzake wakidhani ana mkono mwepesi.

Matibabu yakaisha. Daktari akasema picha ni nzuri, turudi kutazama tena baada ya miezi kadhaa, na kwamba sasa ninapaswa kuujenga mwili. Mwili gani? Kutoka nyumbani kwetu Kibagabaga hadi barabarani ni mlima mfupi, na nilikuwa napumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Uso ulikuwa umevimba, mapaja yameisha. Na mtaani kila mtu alinisalimia kwa sauti ya msibani.

Kwa hiyo nilitaka jimu, na nilitaka iwe Kimironko, ambako sikujulikana. Nilitaka chumba kimoja Kigali ambacho ningeingia kama mtu mnene kidogo, mvivu kidogo, aliyechelewa kuanza mazoezi kama watu wengine. Tatizo ni lile lango. Kila nilipofika niliona kupitia dirishani kioo kinachofunika ukuta mzima, na mbele yake wanawake wa rika langu wakiruka, mikia ya nywele ikirushwa huku na huku. Mimi nilikuwa na fulana ya Deo, skafu shingoni ya kuficha kovu, na nywele zilizoota kama za kifaranga. Niliogopa kuanguka mbele ya kioo na kujiona jinsi ninavyoanguka. Nikawa nageuka.

Mtu mmoja tu nilimweleza habari za lango. Nilimweleza Deo, tukiwa jikoni, kwa namna ya mzaha. Alicheka nami. Akaniuliza, "Ni jimu ipi hiyo?"

Iliyoniingiza hatimaye ni mvua. Zilikuwa mvua za mwisho za masika, zile zinazokuja kwa ghafla kutoka upande wa milima, na mlinzi akanivuta chini ya paa, kisha kwa kuwa paa lenyewe lilikuwa linavuja akanisukuma ndani. Kocha akanijia akijifuta jasho. Anaitwa Fabrice, Mrundi wa Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha mtaani kwao.

"Karibu, dada. Unaitwa nani?"

"Aline. Sijawahi kufanya mazoezi."

"Hakuna shida. Simama huku nyuma, fuata unavyoweza."

Hakuuliza kuhusu skafu. Hakuuliza kitu. Nikaona nimepata mahali pangu.

Kiangazi chote hicho nilikuwa naenda jimtoniki, kama tunavyoyaita hapa mazoezi ya kundi yanayofuata muziki. Na nilikuwa naweza. Hilo ndilo lililonilevya. Wiki ya kwanza nilidhani nitazimia, lakini kila pumzi ilipokaribia kukatika Fabrice alikuwa anapiga makofi na kusema maji, watu wanywe maji. Muda si mrefu nikawa namaliza kipindi kizima pamoja na wengine. Nikasogea kutoka mstari wa nyuma. Nikavua skafu. Mtu wa takwimu haamini hisia, anataka kipimo, na kipimo changu kilikuwa hawa wanawake wazima waliokuwa wanahema nilipohema na kusimama niliposimama. Nilimpigia simu yule mama wa Gatsata kumwambia mwili unarudi, ninao ushahidi. Nyumbani nilikula. Nilimtania Deo. Nilianza kumsamehe bila kumwambia.

Kulikuwa na Mama Keza, muuza vitambaa wa soko la Kimironko, mwenye sauti inayofika barabarani. Jioni moja, tunafunga kamba za viatu, akanigusa bega.

"Aline, leo uko na nguvu?"

"Ninazo."

"Basi mwambie Kochi atuache tukimbie kidogo, sha. Tangu umekuja tunacheza kama kwaya ya wazee. Mimi iko na harusi ya mtoto mwezi ujao na gauni haifungi."

"Kwa nini nimwambie mimi?"

"Si ni kwa ajiri yako?" Alikuwa anaongea bila ubaya wowote, anavuta soksi. "Kaka yako alikuja kutuomba. Alisema usichoshwe, kansa imekutoka juzi tu. Alilia hapa, masikini. Tukasema hakuna shida, tutaenda na mwendo wako. Lakini sasa, si umepona?"

Nilitazama kwenye kioo. Wote walikuwa wananitazama humo, na nilipowatazama wakainamia viatu vyao. Fabrice akazima muziki, akauwasha tena.

Aibu ningeweza kuivumilia. Kilichoniumiza ni kwamba sikuwa tena na kipimo. Kila siku niliyoamini nimemudu, walikuwa wamepunguza mwendo hadi ukanitosha. Sikujua nimepona kiasi gani, au kama nimepona. Nilikuwa palepale kwenye lile benchi, na watu wote wanajua hali ya mwili wangu isipokuwa mimi.

Deo alikuwa uani anaosha gari. Sikumsalimu.

"Uliapa," nikasema. "Umenishika kichwa ukaapa."

Hakujifanya haelewi. Aliweka kitambaa kwenye ndoo. "Sikukudanganya. Sikusema kitu kisicho kweli."

"Kwangu hukusema. Kwao ulisema vyote."

"Ulitaka nikuache uanguke?"

"Ndiyo."

"Wewe hukujiona, Aline. Mimi ndiye niliyekuokota bafuni. Mimi ndiye niliyesikia kichwa kikigonga vigae."

"Ungeniacha nianguke pale jimu, nijue niko wapi."

"Na Mama ningemwambia nini?"

"Kwa hiyo hiyo ilikuwa kwa ajili ya Mama. Ile ya kwanza ilikuwa ya Mama, hii ya Mama. Ya kwako ni ipi?"

Akasema, "Yangu ni kwamba siwezi kukuona ukijua." Akachukua kitambaa chake akaendelea kusugua mahali palipokuwa pameshang'aa.

Niliacha jimu. Sikuongea na Deo isipokuwa nipishe, nipe chumvi. Mama alikuwa anatutazama mezani na kusema wali umeungua, wakati haujaungua. Wiki zikapita, na nikaanza tena kusimama kwenye nguzo za umeme. Kila siku nilijiambia nimeacha kwa sababu wamenisaliti. Lakini swali la Deo lilinirudia, swali zuri hata kama mwenyewe alilichafua. Umejuaje? Sikujua. Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ilikuwa nyuma ya lango lilelile.

Nilirudi mvua za vuli zilipoanza, mwaka mmoja tangu benchi. Mara hii woga haukuwa wa kuonwa, maana walishaniona. Nilikuwa naogopa kipimo cha kweli. Niliingia kabla ya kipindi, nikamkuta Fabrice anapanga mikeka.

"Kochi, nieleze ukweli. Nilikuwa naenda kwa mwendo gani?"

Akajikuna shingo. "Niseme?"

"Sema."

"Mwendo wa bibi arusi akiingia kanisani."

Nilicheka, na sikuwa nimepanga. "Na mwendo wenu ni upi?"

"Leo utauona. Lakini, dada, nisikupumzishe?"

"Usinipumzishe. Na kaka yangu akija, mwambie aniulize mimi."

Sikufika hata nusu. Miguu ilikwisha ghafla, nikakaa sakafuni mbele ya kioo, jasho linaingia machoni. Muziki haukuzimwa. Miguu ya watu iliendelea kuruka pande zote. Mama Keza, ambaye harusi ilishapita na gauni lilishafungwa kwa pini, alinipita akihema, akasema, "Sasa ndio umefika jimu."

Nilikaa pale nikijitazama kwenye kioo. Nilikuwa hoi, nimelowa, chini ya nusu ya kipindi. Ilikuwa namba ndogo lakini ilikuwa yangu. Nikaanzia hapo.

Kipimo cha kurudia nilikwenda peke yangu. Deo aliuliza kama aniendeshe, nikasema hapana, na hakuniuliza tena. Daktari aligeuza kompyuta yake ili nione. Mahali penye uvimbe palikuwa safi, ila chini yake kulikuwa na kitezi kidogo. Akasema kinaweza kuwa si kitu, na kwamba watakitazama tena baada ya miezi michache. Nikamuuliza amejuaje kuwa kinaweza kuwa si kitu. Akanieleza mpaka nikaelewa, kisha mpaka nikaelewa asichokijua.

Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Kimironko, helmeti ikinibana, nikashuka langoni. Simu ikaita. Ilikuwa Mama, na nilijua Deo amekaa pembeni yake na spika imewashwa.

"Wamesemaje?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Safi. Ni safi, Mama, chemsha chai. Lingewapa usingizi miezi michache, na mimi ningekibeba kile kitezi peke yangu, kwa upendo. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi, na jinsi nilivyojiona mwema kwa kulifikiria tu. Nikaelewa jinsi Deo alivyokaa ukingoni mwa kitanda changu. Kuelewa hakukunipunguzia hasira, na mpaka leo sijamsamehe yote. Lakini sikutaka kukaa ukingoni mwa kitanda cha mtu.

"Kuna kitezi kidogo," nikasema. "Huenda si kitu. Hawajui bado. Watatazama tena."

Nikasikia kiti kikisogezwa, nikajua ni Deo amesimama. Nilimngoja Mama aseme wali, au sweta.

"Ninaogopa, Aline," Mama akasema.

Hakuwahi kuniambia hivyo, tangu uvimbe wa kwanza.

"Na mimi, Mama."

"Uko wapi?"

"Jimu. Nimesimama mlangoni."

Akavuta pumzi. "Basi ingia. Usisimame hapo kama mtu asiye na kwao."

Kile kitezi kilitazamwa tena, na tena, na hakikuwa kitu. Lakini jioni ile hakuna aliyejua. Mlinzi aliinua macho, akanifungulia lango, na ndani muziki ulikuwa umeshaanza.